Goti, neva na figo: kutuliza maumivu sugu ya mzee bila kumwongezea ugonjwa mwingine

Mzee anayeumwa goti kwa miezi hufika duka la dawa kabla hajafika kwa daktari. Anapewa diklofenaki, maumivu yanatulia jioni ile ile, na tangu siku hiyo pakiti ya vidonge haikosekani mfukoni mwake. Mwanzoni hakuna ubaya unaoonekana. Baadaye presha iliyokuwa imetulia inapanda, miguu inavimba, damu inapungua na hakuna anayejua inakokwenda, au kipimo cha figo kinarudi na majibu ya kushtua. Na goti bado linauma.

Hali hii inazuilika. Inataka kwanza kujua ni maumivu ya aina gani, kisha kuchagua tiba inayolingana na aina hiyo na inayolingana pia na mwili wa mtu mwenye umri mkubwa.

Maumivu sugu si ya aina moja

Maumivu yakidumu zaidi ya miezi 3 huitwa sugu. Umri peke yake hauumi. "Ni uzee tu" ni jibu lililowanyima wazee wengi matibabu, na mara nyingi wenyewe ndio wanaolitoa, kwa kutotaka kuwasumbua watoto. Nyuma ya maumivu kuna kitu kinachoweza kutajwa, na kwa kawaida huangukia katika moja ya makundi matatu.

La kwanza ni maumivu ya viungo, mifupa na misuli: goti au nyonga iliyosagika, jongo kwenye kidole gumba cha mguu, pingili ya mgongo iliyobonyea kwa sababu mfupa umepungua uimara. Mzee huweza kuonesha kwa kidole panapouma. Huzidi anapopatumia, hupoa akipumzika.

La pili ni maumivu ya neva, pale mshipa wa fahamu wenyewe unapokuwa umeumia. Kisukari cha miaka mingi hufanya hivyo kwenye nyayo, mkanda wa jeshi hufanya hivyo kifuani au usoni hata baada ya malengelenge kukauka, na neva iliyobanwa kiunoni hupeleka maumivu hadi mguuni. Msikilize mzee anavyoeleza: panawaka moto, panachoma kama sindano, panapiga shoti, pana ganzi na bado panauma. Usiku huzidi, na shuka ikigusa tu ni mateso.

Kundi la tatu linaeleweka kwa shida kuliko mengine. Uti wa mgongo na ubongo, vikishapokea taarifa za maumivu kwa miaka, huongeza usikivu wake, hata mguso mdogo ukasomeka kama maumivu. Mtu anaumwa mwili mzima, halali, anaamka amechoka, na vipimo havioneshi kitu. Maumivu haya ni ya kweli kama mengine yote. Yanatulizwa zaidi na usingizi, mwendo na matibabu ya sonona iliyojificha kuliko na vidonge vya maumivu.

Mzee mmoja anaweza kuwa na makundi yote matatu: magoti ya kundi la kwanza, nyayo za la pili, na uchovu wa la tatu. Dawa iliyotuliza goti haitagusa nyayo, na hapo ndipo dozi huongezwa bila faida. X-ray nayo haimalizi ubishi. Wapo ambao picha inaonesha goti limesagika vibaya na wanatembea bila shida. Wapo wenye picha nzuri wasiopata usingizi. Picha mbaya isimfanye mtu aache kutembea, na picha nzuri isitumike kumwambia mzee kwamba anajidekeza.

Yapo maumivu yasiyosubiri makala yoyote. Mgongo unaouma kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, pamoja na kukonda, homa au jasho la usiku, unatakiwa kupimwa kifua kikuu cha mifupa na saratani. Kwa mwanamume, tezi dume ichunguzwe pia. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu kuishiwa nguvu ni dharura ya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kiungo kilichovimba ghafla kikawa chekundu na cha moto, nyonga inayouma baada ya kuanguka hata kama mzee bado anajikongoja, na mguu mmoja uliovimba shavu la nyuma, chini ya goti. Mguu huo usichuliwe wala kukandwa, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Uliza alichoweza kufanya

Kumuuliza mzee "maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10?" kunasaidia, ila wengi hutoa namba ile ile kila siku. Swali la kazi hufichua zaidi. "Shikamoo bibi. Leo umeinuka kitandani mwenyewe? Umefika chooni bila kushika ukuta? Umelala mpaka saa ngapi?" Majibu ya hayo yaandikwe kwenye daftari kwa wiki moja kabla ya kliniki, pamoja na saa ambazo maumivu huzidi na dawa zilizomezwa.

Hapo pia ndipo lengo la tiba linapowekwa. Kwa maumivu sugu, kufuta maumivu yote mara nyingi hakuwezekani, na anayekimbilia sifuri huishia na dozi zinazodhuru. Lengo linalofikika ni kama haya: kutembea hadi msikitini au kanisani na kurudi, kupika akiwa amesimama dakika 20, kulala saa 5 mfululizo. Maumivu yakishuka kwa theluthi moja na mambo hayo yakawezekana, tiba inafanya kazi.

Diklofenaki na jamaa zake

Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, meloksikamu na indomethasini ni dawa za ukoo mmoja. Zote huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwenye goti, kemikali hizo huleta uvimbe na maumivu. Tumboni, zile zile hulinda ukuta wa tumbo usiliwe na tindikali yake. Kwenye figo, huacha wazi mishipa midogo inayoingiza damu. Dawa ikishaingia kwenye damu haichagui goti ikaacha tumbo na figo.

Kutokana na hilo, imani mbili zilizozoeleka hazina msingi. Ya kwanza ni kwamba ukila chakula kwanza vidonda vya tumbo havikupati. Chakula hupunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini kidonda hutokana na dawa iliyo ndani ya damu. Ya pili ni kwamba sindano ni salama kwa sababu haipiti tumboni. Diklofenaki ya miligramu 75 inayochomwa kwenye tako hulifikia tumbo kwa njia ya damu vile vile, na ikichomwa mahali pasipo sahihi inaweza kuijeruhi neva kubwa inayoshuka mguuni. Wapo wanaotoka zahanati wakiwa wametulizwa goti na kuachiwa mguu unaoburuzika.

Kwa wazee kidonda cha tumbo kina tabia mbaya zaidi: huweza kuvuja damu bila kuuma, maana dawa inayokisababisha ndiyo inayoficha maumivu yake. Dalili ya kwanza inakuwa choo cheusi kama lami, kizunguzungu, au kuzimia. Anayetumia pia aspirini ndogo ya moyo, wafarini ya kuzuia damu kuganda, au prednisoloni, dawa ya steroidi, ana hatari kubwa zaidi.

Hatari ninayoiona kuwa inapuuzwa kuliko zote ni ya figo. Wazee wengi wenye presha wanatumia enalaprili, lisinoprili au losartani, na juu yake dawa ya kukojoa kama hidroklorothiazidi. Mara nyingine hizo mbili zimo ndani ya kidonge kimoja, na alama pekee ni herufi H baada ya jina kwenye boksi. Dawa ya kukojoa hupunguza maji mwilini. Losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo. Ongeza diklofenaki, inayoubana mshipa wa kuingiza, na chujio linabaki bila msukumo wa kutosha. Figo hustahimili hali hiyo mpaka siku mzee atakapoharisha, kutapika, au kufunga kwenye joto bila maji. Kisha zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Mwenye mchanganyiko huo wa dawa za presha asimeze diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari kujua.

Kipimo cha kreatinini nacho kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kuchujwa na figo, na bibi wa kilo 45 ana misuli kidogo, kwa hiyo namba yake inaweza kuwa ndani ya kiwango cha kawaida ilhali figo zimebaki na nusu ya uwezo. Omba kikokotolewe kiwango cha uchujaji, yaani eGFR, kinachozingatia umri na jinsia. Kikiwa chini ya 60, dawa za ukoo huu zinahitaji sababu nzito. Chini ya 30, ziachwe.

Kuna moyo pia. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua kuwa diklofenaki isitumiwe na mtu aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, au mwenye moyo ulioshindwa kazi. Dawa hizi zote huushikisha mwili chumvi na maji, kwa hiyo huipandisha presha na kuzipunguzia nguvu dawa zinazoishusha. Mara nyingi mzee huongezewa dawa ya tatu ya presha bila kuulizwa anameza nini kwa ajili ya magoti.

Ikilazimika kutumika, kwa mfano goti limevimba ghafla na mzee hana ugonjwa wa figo, moyo wala vidonda, basi iwe dozi ndogo, siku 5 hadi 7, pamoja na omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali tumboni, miligramu 20 kila asubuhi kabla ya kula. Kisha ikome.

Kitu cha kuanzia: parasetamoli na jeli

Parasetamoli ina nguvu ndogo kwa goti lililosagika, na ni haki kulisema hilo. Inabaki ya kwanza kwa sababu haigusi figo wala tumbo kwa namna ile, na wako ambao inawatosha. Kosa la kwanza ni kumeza kidonge kimoja maumivu yakishakuwa makali na kusema haifai. Mwenye maumivu ya kila siku aijaribu kwa saa maalumu kwa wiki moja au mbili, au aimeze nusu saa hadi saa moja kabla ya kazi inayomuumiza. Isiposaidia, iachwe.

Mtu mzima mwenye afya na uzito unaozidi kilo 50 anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, visizidi 8 kwa saa 24. Kwa mzee dhaifu, aliyekonda, mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe, hesabu ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 40 anapata miligramu 600, kwa hiyo kidonge 1 kila baada ya saa 6, visizidi 4 kwa siku. Kosa la pili ni kuimeza mara mbili bila kujua: dawa nyingi za mafua, na vidonge vingi vya mchanganyiko wa maumivu, vina parasetamoli ndani, na vingine vimeongezewa diklofenaki au aspirini. Soma maandishi madogo chini ya jina la biashara. Vile vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji vikatoa povu vina sodiamu nyingi, havimfai mwenye presha.

Kwa goti na vidole vya mikono, jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 ni chaguo zuri kuliko kidonge. Dawa inayofika kwenye damu ni sehemu ndogo, takriban asilimia 6 ya ile ya kumeza, huku sehemu ya kutosha ikiingia kwenye kiungo. Haina msaada mkubwa kwa nyonga wala mgongo, kwa sababu viungo hivyo viko ndani sana. Inapakwa gramu 2 hadi 4 kwa goti moja, mara 3 au 4 kwa siku, na gramu 4 ni mstari wa jeli wenye urefu wa sentimita 11 hivi. Hapa ndipo inapokwama: tyubu ya gramu 30 kwa dozi ndogo kabisa huisha ndani ya siku 5, kwa hiyo watu hupaka kidogo kama mafuta ya kujipaka na kusema jeli haifanyi kazi. Kama fedha ni kidogo, anza na goti moja lililo baya zaidi, paka ipasavyo kwa wiki 2, kisha amua. Usifunge kwa nailoni, usipake penye kidonda, na nawa mikono isipokuwa kama vidole ndivyo vinavyotibiwa. Dawa za kuchua zenye mentholi hutuliza kwa muda na hazina ubaya. Pilipili iliyotwangwa nyumbani huunguza ngozi.

Mazoezi ndiyo dawa yenye ushahidi mkubwa kwa goti

Msuli wa mbele ya paja ndio unaopokea uzito kabla haujafika kwenye goti. Goti likiuma mtu hupumzika, msuli hunyauka ndani ya wiki chache, goti hubeba zaidi na kuuma zaidi. Huko Denmark mpango uitwao GLA:D, ulioanzishwa 2013, unawafundisha wenye magoti na nyonga zilizosagika mazoezi haya mara mbili kwa wiki, na umeenea nchi nyingine kadhaa. Hauhitaji mashine.

Zoezi la kwanza ni kukaa na kuinuka. Chukua kiti imara chenye kimo cha sentimita 45 hivi, kiegemeze ukutani; kama ni kifupi au mzee hana nguvu, weka mto mgumu juu. Akae mbele ya kiti, nyayo zote chini, zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite magoti, kisha ainuke. Kushuka kuwe polepole kwa kuhesabu hadi 4, na hapo ndipo msuli unapojengeka. Anayejitupa kwenye kiti amefanya nusu ya zoezi. Magoti yaelekee vidole vya miguu, yasiangukiane ndani. Pumzi isishikwe, maana hupandisha presha. Aanze na mara 5, apumzike dakika 2, arudie mara 5, siku 3 kwa wiki. Kila wiki aongeze mara 1 au 2 hadi afike 10, kisha mto uondolewe, baadaye mikono ikunjwe kifuani.

La pili ni kunyoosha goti akiwa amekaa: anyanyue mguu mpaka unyooke, ashikilie sekunde 5, mara 10 kila mguu. La tatu ni kusimama kwa vidole akishika ukuta. Juu ya hayo kutembea dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kwa viatu vyenye soli ya mpira, siyo kandambili.

Wiki mbili za mwanzo mazoezi huuma, na wengi huachia hapo. Kanuni inayosaidia ni hii: maumivu hadi 5 kati ya 10 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi yarudi kwenye kiwango chake cha kawaida kabla ya saa 24 kupita. Yasiporudi, punguza idadi kwa nusu, usiache. Nafuu huonekana kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo 1 inayopungua humwondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua.

Mkongojo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, watu wengi hushika kinyume. Kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima, na ncha iwe na mpira. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mguu mbovu hushuka kwanza.

Nyumbani angalia vitu vya chini, kwa sababu goti lililokunjwa sana ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, jiko la mkaa lililo sakafuni, choo cha kuchuchumaa: kila kimoja kina suluhisho. Jiko lipandishwe juu ya meza ya matofali, nazi ikunwe na kijana au inunuliwe iliyokunwa, chooni pawekwe kiti chenye tundu na mhimili wa kushika uliofungwa vizuri ukutani. Anayeswali akae kitini. Dumu la lita 20 ligawanywe kwenye madumu ya lita 5. Kazi za shamba pia zigawanywe: wazee wengi siku maumivu yakitulia hulima tangu alfajiri hadi adhuhuri, wakalala kitandani siku mbili. Dakika 20 za jembe, 10 za kupumzika, na kuacha kabla ya kuumia, humpa siku nyingi zaidi za kazi kwa wiki.

Neva zina dawa zake

Nyayo zinazowaka za mwenye kisukari hazitulizwi na diklofenaki. Kwanza sababu zitafutwe: sukari isiyodhibitiwa, upungufu wa vitamini B12 kwa aliyetumia metformini miaka mingi, pombe, dawa ya kifua kikuu isoniazidi bila vitamini B6, au stavudini iliyotumiwa zamani na wanaoishi na VVU. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B huandikwa kwa kila ganzi, na baadhi vina B6 miligramu 100 au zaidi. Kiasi hicho kikimezwa kwa miezi mingi chenyewe huharibu neva.

Amitriptilini ni ya bei nafuu na inafanya kazi, ila kwa wazee inahitaji hadhari. Huanzwa na miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, saa 2 kabla ya kulala. Hukausha mdomo, huleta choo kigumu, hufunga mkojo kwa mwenye tezi dume kubwa, huchanganya akili na kuangusha mtu anapoamka usiku. Mwenye presha ya macho, mapigo ya moyo yasiyo sawa au usahaulifu asipewe. Gabapentini huanzwa na miligramu 100 usiku. Kapsuli ya 300 inayopatikana kirahisi ni kubwa mno kuwa dozi ya kwanza ya mzee dhaifu, na dozi yake hupunguzwa kulingana na figo. Zote mbili hupewa wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa, na haziachwi ghafla.

Mkanda wa jeshi uko peke yake kwa kuwa kuna dirisha la kuuwahi. Asikloviri miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutokea, hupunguza ukali wa ugonjwa. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Mzee mwenye vipele vya upande mmoja wa mwili vinavyowaka apelekwe kituo cha afya siku hiyo, hata kama ni Jumapili.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu ya jamii ya morfini, hutolewa kirahisi kuliko inavyostahili. Ikichanganywa na amitriptilini au dawa za sonona inaweza kuleta degedege, hushusha sodiamu, na huwaangusha wazee. Morfini ya maji ni jambo jingine. Kwa maumivu makali ya saratani haina mbadala, na kumnyima mgonjwa kwa hofu ya uraibu ni ukatili. Uganda imeonesha njia: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilitengeneza morfini ya kunywa ya bei nafuu, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa huduma shufaa, yaani ya kuwatuliza wenye magonjwa yasiyopona, nchini humo wanaruhusiwa kuiandika. Anayeitumia apewe dawa ya kulainisha choo kuanzia siku ya kwanza, kama sena au bisakodili. Papai na maji pekee havitoshi.

Dawa za asili zinazoponya haraka mno

Dawa ya "viungo" inayouzwa kama ya mitishamba na kumnyanyua mzee ndani ya siku 2 itiliwe shaka. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu bidhaa za jina la Artri na Ortiga zilizouzwa kama virutubisho vya viungo. Maabara ilikuta ndani diklofenaki na deksamethasoni, dawa kali ya steroidi, ambazo hazikuandikwa. Deksamethasoni hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, huvimbisha uso na kulaza tezi zinazotengeneza homoni za kuhimili ugonjwa. Aliyeitumia wiki nyingi asiiache ghafla, anaweza kuishiwa nguvu na presha kuporomoka. Apeleke chupa hospitalini, apunguziwe kwa hatua.

Mzee asiyeweza kueleza

Mwenye ugonjwa wa usahaulifu hasemi goti linauma. Hupiga kelele anapoogeshwa, hukataa kula, humpiga anayemgeuza. Kipimo cha PAINAD huangalia mambo matano wakati wa kumhudumia: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Kila kimoja hupewa 0 hadi 2. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2011, ukihusisha wakazi 352 wa nyumba za wazee wenye usahaulifu na fujo, ulionesha kuwa kutibu maumivu kwa hatua, wengi wao kwa parasetamoli tu, kulipunguza fujo ndani ya wiki 8. Kabla ya kuomba dawa ya usingizi kwa mzazi anayesumbua, mtazame uso anapoinuliwa.

Kumtoa mzee kwenye diklofenaki ya kila siku

Mzee aliyeimeza kwa miaka haiachi kwa kuambiwa ni mbaya. Anaiacha akiwa na kitu mbadala mkononi. Wiki ya kwanza mpeleke kliniki na mfuko wenye dawa zake zote, hata za asili na za kuchua. Hospitali nyingi za umma Tanzania zina dirisha la wazee, ulizeni mnapofika. Apimwe presha, kreatinini na eGFR, wingi wa damu, na bakteria wa vidonda vya tumbo kama kipimo kipo. Wakati huo aanze jeli kwenye goti baya zaidi, parasetamoli ya saa maalumu, na zoezi la kiti mara 5.

Wiki inayofuata aache diklofenaki. Haihitaji kupunguzwa kwa hatua. Siku 3 hadi 7 za mwanzo maumivu yataongezeka, na aelezwe hivyo mapema, maana asiyejua atarudi dukani siku ya pili. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa kitambaa, dakika 15 juu ya goti, humsaidia kuvuka siku hizo; asiyehisi joto miguuni kwa sababu ya kisukari asitumie. Kuwe na mtu nyumbani wa kumsimamia zoezi.

Baada ya wiki 2 presha ipimwe tena, akiwa amekaa kisha akiwa amesimama kwa dakika 1 hadi 3. Diklofenaki ilikuwa ikiipandisha, na dawa za presha ziliongezwa kuifukuza. Sasa dozi ile ile inaweza kuwa kubwa mno. Namba ya juu ikiporomoka kwa 20 au zaidi anaposimama, au akiona kizunguzungu, arudi kliniki apunguziwe dawa ya presha kabla hajaanguka.